Mfyuuu! Ati Mbwa Alikuwa Anacheka

Mfyuuu! Nimesonya kwa nguvu mpaka muuza kahawa akageuka, akidhani naisonya kahawa yake. Hapana mzee wangu, kahawa haina kosa, na kashata ya leo imekaa sawa. Nawasonya hawa watu wazima, wenye ndevu na wajukuu, waliojazana kwenye benchi hili la Ngamiani tangu alasiri wakimhukumu mbwa ambaye hata hayupo.

Kisa chenyewe hiki. Juzi mjukuu wa fundi viatu, mtoto wa miaka minne, aling'atwa mkono na mbwa wa nyumba ya pili. Si sana, meno mawili na damu kidogo. Bahati yake bibi yupo na akili zake. Alimkokota mpaka bombani, akaukosha ule mkono kwa sabuni na maji yanayotiririka robo saa nzima, mtoto analia na majirani wanapiga kelele "inatosha", yeye anaendelea tu. Kisha ndipo akampeleka hospitali kuanza sindano za kichaa cha mbwa. Hakupaka mafuta ya taa, hakuita mganga. Huyo bibi angestahili kukaa hapa kijiweni badala ya mumewe.

Sasa mtoto alipoulizwa ilikuwaje, akajibu: "Alikuwa ananichekea, babu. Nikampapasa."

Kijiwe kikalipuka. Dereva wa bodaboda akawa wa kwanza: "Si nawaambieni kila siku? Mbwa ni mnafiki kama mwenye nyumba wangu. Anakukenulia meno, mwisho wa mwezi anakung'ata." Fundi viatu naye, roho inamuuma kwa ajili ya mjukuu, akatupa sindano yake chini. "Jibwa lile halina macho ya kumwona mtu. Mtoto anatabasamu, sura kama mwezi wa kumi na nne, linamng'ata! Lingekuwa linajua kuusoma uso wa binadamu lingemuuma malaika yule?"

Hapo ndipo niliposonya.

Jamani, mbwa anajua kuusoma uso wa mtu. Wala si maneno yangu ya kahawa. Mwaka 2015 watafiti wa chuo kikuu cha utabibu wa wanyama cha Vienna, Austria, akina Corsin Müller na Ludwig Huber, waliwafundisha mbwa wa majumbani kugusa kioo kwa pua. Kwenye kioo zinatokea picha mbili za mtu mmoja: hapa amefurahi, pale amekasirika. Mbwa akigusa ile aliyofundishwa kuichagua, anapewa kitu cha kutafuna. Ujanja wao uko hapa: hawakuonyesha uso mzima. Mbwa huyu aliona nusu ya juu peke yake, macho na kipaji. Yule aliona nusu ya chini, mdomo na kidevu. Walipokwisha kuzoea, wakabadilishiwa mambo. Wakaletewa nyuso za watu wasiowajua, wakaletewa na ile nusu ambayo hawakuwahi kuiona. Aliyefundishwa kwa macho akawekewa midomo. Na bado wakapatia mara nyingi kuliko ambavyo bahati ingewapa.

Maana yake mnyama yule hakukariri kwamba "palipo na meno meupe ndipo penyewe", kama mwanafunzi anayekariri majibu ya mtihani wa mwaka jana. Alijua kuwa macho ya kucheka na mdomo wa kucheka ni mali ya furaha moja. Na liko jambo lililonichekesha mwenyewe: mbwa waliotakiwa kugusa uso wa hasira walichelewa kujifunza kuliko waliotakiwa kugusa uso wa furaha. Watafiti wanadhani mbwa hawakutaka kuusogelea uso ule, ijapokuwa ni picha tu na malipo yapo. Ni kama wewe uambiwe hela yako iko pale, ila mpaka kwanza umguse shavu mwenye duka anayekudai.

Mwaka uliofuata Natalia Albuquerque, Mbrazili, na wenzake wa Chuo Kikuu cha Lincoln kule Uingereza, wakaongeza sauti. Mbwa 17 waliwekewa picha mbili, huku ikipigwa sauti ya mtu anayesema Kireno, lugha ambayo mbwa wa Uingereza anaijua kama mimi ninavyojua Kichina. Sauti ikichangamka, macho ya mbwa yanakaa zaidi kwenye uso uliochangamka. Sauti ikikaripia, macho yanahamia kwenye uso uliokunja ndita.

"Hao mbwa wa Kizungu," akadakia dereva wa bodaboda. "Wanalala kitandani, wanakatiwa keki. Lete mbwa koko wa soko la Mgandini tuone."

Hoja nzuri, na wala siipingi kwa kelele. Ila kule Kolkata, India, watafiti waliwafuata mbwa wa mitaani, wasio na mwenyewe wala kola, wakawaelekezea bakuli kwa kidole. Karibu nusu ya mbwa wakakataa hata kusogea, maana mkono wa binadamu wanaujua, ndio unaorusha mawe. Lakini kati ya waliosogea, kama wanne katika kila watano walikifuata kile kidole. Hapo kilichosomwa ni mkono, si uso, nakubali. Lakini nani aliwafundisha? Mbwa wa kitandani akikosea kumsoma mtu ananyimwa biskuti. Mbwa koko akikosea anavunjwa mguu. Wewe dereva niambie, yupi atasoma kwa bidii?

Mwalimu mstaafu, ambaye hanyanyui kichwa kwenye bao mpaka mada imfikie shingoni, akaweka kete yake chini. Akatukumbusha farasi wa Berlin. Huyo alikuwa wa bwana mmoja Wilhelm von Osten, na farasi mwenyewe akiitwa Hans. Ati alijua hesabu. Unamuuliza tatu na nne ngapi, anagonga kwato mara saba, anaacha. Watu walifurika kumwona, mpaka mwaka 1904 ikaundwa kamati nzima ya kumchunguza farasi. Aliyekuja kuvumbua siri ni Oskar Pfungst, akaiandika mwaka 1907. Farasi alipozibwa asimwone muulizaji, hesabu zikamshinda. Muulizaji alipokuwa hajui jibu, na farasi naye hajui. Kumbe kila kwato ilipofikia hesabu sawa, muulizaji alikuwa akitikisa kichwa kidogo sana, uso unalegea, bila mwenyewe kujijua. Farasi anaona, anaacha kugonga.

"Kwa hiyo alikuwa mjinga," akasema fundi.

"Mjinga nani?" mwalimu akamuuliza. "Von Osten mwenyewe alikuwa mwalimu wa hesabu. Miaka yote hiyo anasomwa uso na farasi, na hajui kama ana uso."

Nilitamani kumlipia mwalimu kahawa. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Sisi tunajivunia kuielewa hiyo methali, tunaijua sura ya shemeji asiyetaka tukae mpaka chakula kiive. Basi mnyama ambaye hana methali wala Kiswahili, anayekula kwa kukutazama wewe, unadhani shule yake ni ipi?

Lakini fundi hakuwa amemaliza. Alikuwa na ushahidi wake, na aliuleta kama wakili. "Haya, tuseme anausoma uso wangu. Na mimi nimeusoma wake. Nilipokwenda kwa jirani na fimbo, jibwa liliinamisha kichwa, likafyata mkia, likanitazama kwa pembe ya jicho. Lilijua kosa lake! Uso umeumbwa na haya."

Mfyuuu tena. Hili ndilo linalonitoa mvuke, kwa sababu kila mwenye mbwa duniani analiapia. Ukirudi nyumbani ukakuta kiatu kimetafunwa, mbwa amejikunyata pembeni, unasema: mwone, anajua alichofanya. Mwaka 2009 Alexandra Horowitz, mwanasaikolojia wa Chuo cha Barnard, New York, aliliweka jambo hili kwenye mizani kwa mtego mtamu. Alichukua mbwa 14 na wenyewe. Mwenye mbwa anamkataza mbwa wake asile kipande cha chakula, kisha anatoka chumbani. Akirudi anaambiwa mbwa amekula au hakula. Lakini mara nyingine anaambiwa uongo! Mbwa hajagusa kitu, bwana wake anaambiwa amekula, anaanza kufoka.

Ile sura ya haya haikufuata kosa hata kidogo. Ilifuata ukali wa mwenye mbwa. Na mbwa waliokuwa hawajala, wakafokewa bure, ndio walioonyesha sura ya haya zaidi kuliko wezi wenyewe. Mnaona? Fundi, ulikwenda pale umetoa macho, mishipa ya shingo imesimama, fimbo mkononi. Mbwa akausoma uso wako, tena akausoma sawasawa, akajikunyata. Wewe ukautazama mkunyato ule ukaona kukiri kosa. Kati yenu wawili, nani alisoma vibaya?

Kimya. Hata dereva wa bodaboda akatafuta kitu kwenye simu yake.

Nisije nikaonekana wakili wa mbwa, acha niseme na la upande wa pili, maana kijiwe si cha upande mmoja. Huko Budapest, Hungaria, kuna watu waliowazoeza mbwa kulala kimya ndani ya ile mashine kubwa ya kupiga picha za ubongo. Mwaka 2020 walitoa matokeo yao: mbwa 20 na watu 30 walionyeshwa video za nyuso na za visogo, vya mbwa na vya watu. Ubongo wa binadamu una sehemu zinazowaka ukiona uso na kupoa ukiona kisogo. Kwa mbwa hawakuiona sehemu kama hiyo. Ubongo wake ulishughulika zaidi kutofautisha huyu mbwa, huyu mtu. Uso au kisogo, ni mamoja.

Dereva wa bodaboda akacheka mpaka akamwaga kahawa. "Kwa hiyo nikimpa kisogo hajali!"

Hajali kwa maana hii, bwana mdogo: anaweza kuusoma uso, lakini hakuufanya kuwa mfalme kama tulivyoufanya sisi. Sisi tunaabudu nyuso. Tunaziona mpaka kwenye mawingu na kwenye taa za magari. Mbwa uso kwake ni ukurasa mmoja wa kitabu. Kurasa nyingine ni mabega, mwendo, sauti, na juu ya yote harufu. Kule Belfast, mwaka 2022, watu walitolewa sampuli za jasho na pumzi, kisha wakatakiwa kuhesabu kwa sauti kurudi nyuma kutoka 9,000, wakipunguza 17 kila mara, mbele ya watu wanaowatazama. Wakatolewa sampuli nyingine. Mbwa wanne waliofunzwa walizitofautisha zile mbili, ya kabla na ya baada, zaidi ya mara tisa katika kila kumi. Uso hawakuuona kabisa.

"Hesabu gani hiyo ya kutoa jasho?" dereva akajitapa. "Elfu tisa... toa kumi na saba... elfu nane mia tisa themanini na tatu. Toa tena... mia tisa... sitini na..." Akakwama. Mwalimu akamtazama tu. Nawaapia, kijana alitoa jasho, na yule mbwa wa kijiweni akanyanyua kichwa.

Sijamtaja huyo mbwa, nimekosa adabu. Ni jike, rangi ya mchanga, sikio moja limekatika ncha. Hulala ng'ambo ya mtaro, upande wa muuza kahawa. Akipita ustadhi na kanzu yake, mbwa anajisogeza hatua tatu kabla hajafikiwa, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mate yake yataifanya kanzu ile ioshwe mara saba, moja kwa udongo. Ameuona uso wa ustadhi siku mbili tatu, akachora mpaka wake mwenyewe. Na muuza kahawa je? Mtu ambaye sijamwona akicheka tangu nimjue, ndita zimekaa kwenye kipaji kama mistari ya daftari. Lakini mbwa analala miguuni pake usingizi wa kukoroma. Sura ile ya kununa, kwake ndiyo sura ya amani. Ameshajua kwamba mzee huyu amezaliwa hivyo, na siku akitabasamu ndiyo ya kukimbia.

Ustadhi, aliyekuwa akisikiliza kwa upole, akasema Watu wa Pangoni walikuwa na mbwa wao, na Mungu akamtaja ndani ya Kurani. "Sisi hatuwachukii," akasema. "Tunajitenga nao tu."

Nikamwambia, ustadhi wangu, huko kujitenga ndiko kunakotugharimu, na sisemi uwapakate. Mwaka 2019 ilitoka kazi ya Federica Amici na wenzake walioko Ujerumani. Waliwaonyesha watu picha za nyuso za mbwa, za sokwe na za binadamu, wakauliza huyu anajisikiaje. Watu wazima waliokulia katika jamii zinazomkaribisha mbwa waliisoma sura ya mbwa vizuri zaidi, hata wale ambao hawakuwahi kufuga. Watafiti wanadhani siri ni kukua ukiwa unamwona mbwa karibu, watu wanamzungumza, wanamtaja kwa jina. Sisi wa pwani tunakua tukimwona mbwa kwa mbali, tukiwa na jiwe mkononi. Tunazijua hali zake mbili tu: anabweka au ametoroka. Kati ya hizo mbili kuna kitabu kizima, na mbwa anakiandika usoni mwake kila siku.

Kwa sababu na yeye ana uso, tena wa kutuonyesha sisi. Juliane Kaminski na wenzake kule Portsmouth waligundua mwaka 2017 kwamba mbwa huuchezesha uso wake zaidi mtu anapomtazama kuliko anapompa mgongo, na chakula hakikubadilisha kitu. Miaka miwili baadaye wakatoa habari ya msuli mdogo unaonyanyua nyusi kwa ndani na kumfanya mbwa aonekane yatima. Mbwa mwitu wa kijivu, si hawa wetu wa madoadoa wa hifadhi za Nyerere na Serengeti, karibu hana msuli huo. Watafiti wanadhani tangu enzi za mababu tumekuwa tukiwapa mnofu wenye nyusi za huruma na kuwafukuza wengine. Sisi tumemfinyanga uso, halafu tunashindwa kuusoma!

Turudi kwa mtoto basi. Kule Lincoln, Kerstin Meints na wenzake waliwaonyesha watoto wadogo video za mbwa wenye hali mbalimbali. Si wachache kati ya wale wa miaka mitatu na minne walimwona mbwa anayekenua meno kwa hasira wakasema amefurahi. Mtoto anatazama mdomo, anaona meno, na kwa bibi yake meno ni kicheko. Mjukuu wa fundi hakusema uongo. Alisoma uso wa mbwa kwa alfabeti ya binadamu. Na mbwa naye alikuwa ameshasema mara nyingi kabla ya meno. Aligeuza uso, akajilamba mdomo wakati hakuna chakula, akapiga mwayo bila usingizi, mwili ukakakamaa, jicho likaonyesha weupe wake pembeni. Hayo yote ni "tafadhali, niache". Sikuwepo, lakini mbwa wa kufugwa kwa kawaida hakurupuki. Meno ni sentensi ya mwisho ya barua ndefu.

Nilipokuwa nayasema haya nimenyoosha vidole vyangu kuhesabu, yule mtoto mwenyewe alikuwa chini ya meza ya fundi, mkono una bandeji, anachezea vipande vya soli. Hakuna aliyedhani anasikiliza. Mara akatoka, akavuka mtaro, akasimama mbele ya mbwa wetu wa sikio lililokatika. Fundi akashtuka, akataka kupiga ukelele, mwalimu akamshika kanzu.

Mtoto akachuchumaa mbali kidogo. Mbwa akamtazama, akageuza uso upande wa jiko la kahawa, ulimi ukapita juu ya pua.

"Babu," mtoto akasema bila kugeuka, "amejilamba. Hataki."

Akarudi kwenye soli zake.

Hakuna aliyejua la kusema, na kijiweni hilo ni jambo la hatari. Ndipo muuza kahawa, ambaye tangu alasiri hajatia neno, akafuta mikono yake kwenye aproni na kuuliza kwa sauti ile ile kavu: "Haya. Nani hajalipa?"

Ghafla kila mtu akawa na shughuli na uso wake. Mwalimu akazisoma kete. Ustadhi akatazama mnara wa msikiti. Fundi akatafuta sindano yake. Mbwa akanyanyuka, akajinyoosha, akatutazama mmoja mmoja, polepole, kuanzia mwanzo wa benchi, na alipofika kwa dereva wa bodaboda akasimama hapo hapo.